Mwenda wa Bayeke: gitaa la mtu mzima

Wazee wa Katanga wakiona kijana ameshika gitaa kavu hapa Kabazana, wanamwomba Masanga. Wanataka ile ya zamani, ya Jean-Bosco Mwenda wa ujana. Mimi nawaambia: wazee wangu, sikilizeni pia aliyoifanya akiwa na miaka 58.

Albamu inaitwa Mwenda wa Bayeke. Aliirekodi Cape Town mwaka 1988, na kampuni ya Rounder ya Marekani ikaitoa wakati yeye hayupo tena. Alikufa Septemba 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia.

Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, Bosco alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi, basi. Ilibidi useme haraka na ushuke. Mwaka 1959 alienda Nairobi, akapiga matangazo ya dawa ya Aspro redioni, na wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Kwenye studio ya Cape Town hakuna santuri ya kumkimbiza. Anatumia vidole viwili tu: gumba linashika besi, cha shahada kinachonga wimbo juu yake. Sauti yake imekuwa nzito. Anarudia nyimbo zake za zamani, lakini sisikii mtu anayejiiga. Nasikia mtu anayeirudia njia aliyoizoea, na safari hii ana muda wa kusimama.

Kasoro zipo. Ukiisikiliza yote kwa mara moja, nyimbo zinaanza kufanana. Tena studio imesafisha mno. Rekodi za Tracey zina joto la watu, hizi zina ukuta. Anayetaka kucheza dansi ataizima mapema.

Lakini kuna kitu kinachotuhusu sisi. Siku ya Wakimbizi, Juni 20, ikikaribia, tunaulizwa: muko na ngoma ya asili? Mwenye gitaa anaambiwa akae pembeni, eti gitaa si utamaduni. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hapa ndipo nawaomba muisikilize albamu hii vizuri. Gitaa la Bosco lilikuja na meli, likakulia kwenye miji ya migodi ambako makabila yalichanganyikana, na Kiswahili chake ni kile cha bantu na batoto ambacho Wakongo wengi hapa tunakisema nyumbani. Hata jina la albamu ni la watu waliohama: Bayeke walitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, karne ya 19, na chini ya Msiri wakajenga Bunkeya. Leo nani atamwambia Muyeke kwamba si mtu wa Katanga?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiita albamu hii kumbukumbu, kama picha ya marehemu ukutani. Mtu alikaa mbali na kwao, katika mji ambao wengi hawakijui Kiswahili, akapiga vitu vyake bila kuvipunguzia chumvi ili mgeni avimeze. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, inapaswa kupimwa kama kazi. Mimi nikiipima, naiweka juu ya santuri zake nyingi za ujana.

Vijana wanaojifunza gitaa hapa, wengine kwa gitaa lenye nyuzi nne tu, waiweke kwenye simu na wafuate gumba kwanza. Cha shahada kinavutia masikio, lakini gumba ndilo linalobeba nyumba. Na ukiweza kulishika bila kuharakisha, hakuna wa kukuambia kwamba ulichobeba si cha kwenu.