Kujitathmini kwa Wanafunzi wa Uzamili: Je, Hupima Nini?

Katika vyuo vikuu vingi, mafanikio ya kozi ya uzamili hupimwa kwa hojaji. Mwanafunzi huombwa ajipe alama ya ujuzi wake, kuanzia 1 hadi 5, mwanzoni na mwishoni mwa kozi. Tofauti ya alama hizo huhesabiwa kuwa ndiyo maarifa aliyoyapata. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo ina kasoro ya msingi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi aliyelelewa Lubumbashi anaanza kozi ya isimu ya Kiswahili. Kwa kuwa amekisema tangu utotoni, anajipa 5. Baada ya kujifunza upatanisho wa ngeli katika Kiswahili sanifu, na kusoma maelezo ya Edgar Polomé ya mwaka 1968 kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi, anatambua kwamba kusema lugha si sawa na kuichambua. Sasa anajipa 3. Kwa mujibu wa hojaji amerudi nyuma, ilhali amejifunza mengi. Kilichobadilika ni kipimo chenyewe. Ndiyo maana George Howard na wenzake, mwaka 1979, walitetea njia ya kumwuliza mwanafunzi mambo mawili mwishoni: ujuzi alio nao sasa, na ule aliokuwa nao awali.

Njia hiyo yasaidia, ila haiondoi tatizo la pili: nyani haoni kundule. Mwaka 1999, Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha majaribio ya ucheshi, mantiki na sarufi ya Kiingereza. Robo ya washiriki waliofanya vibaya zaidi waliwazidi, kwa wastani, watu 12 tu katika kila 100. Wao walidhani wamewazidi 62. Wahakiki wamedai kuwa sehemu ya pengo hilo yatokana na hesabu za takwimu. Hata wakikubaliwa, alama ya kujipa haiwezi kusimama peke yake.

Hatusemi kujitathmini kutupwe, kwani mtafiti asiyeweza kukagua kazi yake hajakomaa. Twasema alama hiyo iwekwe kando ya kazi yenyewe, kama vile sura ya tasnifu au uchambuzi wa matini mapya, kisha mwalimu na mwanafunzi wajadili tofauti iliyopo. Idara itakayoamua kwa hojaji peke yake kozi ipi iendelee, huenda ikaifuta ile iliyomfundisha mwanafunzi mipaka ya ujuzi wake.