Bomba la Siku Moja, Barabara ya Wiki Sita

Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, haina bomba la gesi chini ya barabara zake. Anayepikia gesi hufunga mtungi nyuma ya bodaboda, na wengi, mjini na hata zaidi kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, bado wako kwenye makaa na kuni. Lakini muulize jamaa yeyote anayeishi Uingereza: atakwambia habari za mtaa uliofungwa wiki nzima, mara nyingine wiki sita, kwa sababu bomba la gesi linabadilishwa. Ataongeza na lawama yake: kila akipita hapo haoni mtu akifanya kazi. Lawama hiyohiyo utaisikia hapa kwetu NWSC, shirika la maji la taifa, wanapochimba. Ina ukweli nusu. Nusu ya pili inahitaji mtu ainame atazame ndani ya shimo.

Kwanza, kwa nini wanabadilisha. Tarehe 22 Desemba 1999, katika mji wa Larkhall, Uskoti, gesi iliyovuja kutoka bomba la chuma lililoliwa na kutu ililipua nyumba na kuua familia ya watu wanne. Kampuni ya Transco iliyomiliki bomba ilipigwa faini ya pauni milioni 15 mwaka 2005. Kabla hukumu haijatoka, msimamizi wa usalama wa kazi nchini humo alikuwa amekwisha kuanzisha, mwaka 2002, mpango wa miaka 30: mabomba ya chuma yaliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye majengo yaondolewe kazini ifikapo 2032, plastiki ichukue nafasi. Kwa hiyo mtaa unaofungwa leo ulipangiwa zamu yake miaka mingi iliyopita. Dharura haimo.

Namna wanavyofanya ni ya akili sana. Badala ya kupasua barabara yote, wanachimba shimo moja huku na jingine kule, wanakata bomba la zamani, wanalisafisha, kisha wanasukuma ndani yake bomba jembamba zaidi la plastiki ya njano. Chuma kilichozeeka kinageuka ala ya bomba jipya. Mita mia zinaweza kuingia kati ya asubuhi na chakula cha mchana, lami ya katikati ikiwa haijaguswa. Upana wa ndani unapungua, ndiyo, ila presha ikipandishwa kidogo gesi inatosha.

Sasa hesabu inaanza. Tuseme mtaa una nyumba 40. Kila nyumba ilikuwa ikinywa kutoka lile bomba la chuma kwa kitawi chake, na kitawi hakiwezi kuhamia chenyewe. Mbele ya kila nyumba, au kila nyumba mbili, linachimbwa shimo dogo. Bomba la njano linafungwa kiungo chenye tawi, bomba dogo linapitishwa hadi mita, linapimwa kama halivuji. Halafu fundi anaingia ndani, anapima tena, anawasha jiko na mtambo wa maji moto mmoja baada ya mwingine. Mwenye nyumba akiwa kazini, au amesafiri, gesi yake inabaki imefungwa na shimo lake linabaki wazi. Ukipita saa nane mchana ukakuta vizuizi na hakuna mtu, huenda mafundi wamo jikoni kwa jirani. Huenda pia wameenda mtaa mwingine, maana wakati mwingine kampuni hupeleka kikosi kimoja sehemu kadhaa. Hapo lawama inakuwa halali.

Jambo la pili ni upana, na hapa hoja haibishaniwi. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unataka njia moja ya gari isipungue mita 3 kama basi na lori zinapita, au 2.5 kama ni magari madogo tu, pamoja na nusu mita ya usalama kati ya gari na eneo la kazi pale mwendo si mkubwa. Chukua mtaa wa mita 5.5. Mtaro, fundi aliyepiga magoti na vizuizi vyake vinakula mita 2. Toa nusu mita. Zimebaki 3: weka taa, magari yapishane. Mtaa wa mita 5 unakuachia 2.5, basi halipiti. Kijiko, mashine ya kuchimbia, kikianza kuzungusha mkono, hata hizo huna, na ndipo barabara inafungwa kabisa. Mwenye kupita kwa miguu, hata hivyo, hutengewa njia yake.

Kinachonivutia zaidi katika mfumo wao ni karatasi. Kazi kubwa huombewa kibali takriban miezi mitatu kabla. Kwa hatari ya ghafla barabara hufungwa kwa tangazo la hadi siku 21. Na tangu 2012, mwenye kuchimba barabara kuu za London zenye msongamano anaweza kutozwa hadi pauni 2,500 kwa siku, kama mpangaji, isipokuwa akifanya usiku au nje ya saa za msongamano. Siku ile muda wa barabara ulipopata bei, kampuni ziligundua kumbe hata usiku kazi inafanyika.

Turudi nyumbani. Mto Rwizi umezidiwa na Mbarara, jiji tangu Julai 2020, na ndiyo sababu NWSC, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, waliuendea mto Kagera huko Isingiro. Bomba kubwa likifika, mabomba ya mitaani hufuata, na mengi ni ya plastiki ileile ya Uingereza. Tofauti ni rangi, letu jeusi lenye mistari ya buluu. Mashine ya kuunga ni ileile. Ncha mbili zinabanwa zikitazamana, kisu cha kuzunguka kinaziparua mpaka utepe wa plastiki utoke mzima bila kukatika, ndipo bamba lenye joto la nyuzi zaidi ya 200 linawekwa katikati. Kingo zikivimba kama mdomo, bamba linatolewa haraka, ncha zinakandamizwa, na watu wote wanasubiri. Dakika 10, 20, zaidi kwa bomba nene, bila kugusa. Anayemwaga maji ili lipoe upesi anaharibu kiungo, ingawa kwa macho kitaonekana kizuri.

Fikiria kazi hiyo kwenye njia ya Nakivale wakati wa kiangazi. Lori likipita, vumbi linatua juu ya ncha zilizokwisha kuparuliwa, na kiungo kile hakitadumu. Fundi mwenye nidhamu ataparua upya. Kufunga njia wakati wa kuunga, basi, kuna maana zaidi kuliko kuifunga wakati wa kuchimba, na saa chache zinatosha kama viungo vimekusanywa pamoja.

Lakini sisi hatuna ala. Bomba letu mara nyingi ni jipya kabisa, halina la zamani la kupenyea, kwa hiyo mtaro ni wazi mwanzo hadi mwisho. Pale linapokatiza lami kuna njia mbili: kutoboa chini kwa mashine na kupitisha bomba ndani ya bomba la chuma, au kukata nusu ya barabara, kuziba, kisha nusu ya pili. Mjini, lori liendalo mpakani Katuna lina barabara ya mchepuko ya kaskazini. Kule Juru au Rubondo, ndani ya Nakivale, mchepuko ni shamba la mtu, na asipoulizwa mapema, lori la maji litapita juu ya maharage yake huku kila mtu akimlaumu dereva.

Udhaifu wetu mkubwa, kwa maoni yangu, hauko hata kwenye kufunga. Uko kwenye kufukia. Udongo unatakiwa urudi kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine, chini na kandokando ya bomba ukiwa laini usio na mawe. Murram kavu kabisa haishikani hata ukiigonga siku nzima. Ikilowa mno inacheza kama uji. Inatakiwa unyevu wa kiasi, ule wa kufinya kiganjani donge likabaki donge. Mkandarasi mwenye haraka anasukuma udongo wote kwa kijiko, anapitisha tairi juu mara mbili, anaondoka. Kwa macho njia imefunguliwa mapema na watu wanampongeza. Mvua ya Machi ikinyesha, mtaro unazama, maji yanaufuata kama mfereji, na bodaboda inayotoka Base Camp ya Nakivale na abiria wawili inaukuta gizani.

Uingereza waliliona hilo pia. Huko England aliyechimba hubaki na dhamana ya kiraka chake miaka 2, na 3 kama shimo lilizidi mita moja na nusu. Kwetu mikataba ya ujenzi hushikilia sehemu ya malipo kwa muda wa matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, kisha huiachia kwa ukaguzi. Swali ambalo wajumbe wa mtaa na kamati za maji Nakivale wanaweza kumuuliza mhandisi kabla kijiko hakijashushwa ni dogo: ukaguzi huo utafanywa mwezi gani? Ukiwekwa Julai au Agosti, kwenye ukame, kila mtaro utafaulu. Uwekwe Desemba, mvua za Septemba hadi Novemba zikiwa zimekwisha kupita juu yake, na lile fungu la pesa likiwa bado benki.