Mwalimu wa Mfalme na Mwalimu wa Rumonge: Kuisoma Upya Riwaya ya Kufikirika

Kila mwaka wanafunzi wetu wa fasihi wanapofika kwenye Kufikirika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya kifo cha mwandishi, insha zao hufanana. Humtaja Utubusara Ujingahasara, mwalimu wa mwana wa mfalme, wakamwita mwalimu bora. Hueleza kwamba alifukuzwa kazi kwa kutia michezo katika ratiba ya masomo. Kisha huhitimisha kuwa mwandishi alikuwa mbele ya wakati wake. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Makala haya yanapendekeza kwamba riwaya hii isomwe kutoka mahali ambapo mwalimu hana kasri wala mwanafunzi mmoja wa kumlea peke yake. Mahali penyewe ni Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita 70 na ushei kusini mwa Bujumbura.

Rumonge inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Kama ilivyo Nyanza-Lac, au mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, Kiswahili hapo hakikuletwa na kitabu cha shule. Kilikuja na biashara ya ziwani, kikakaa sokoni, bandarini na katika mitumbwi. Shuleni mambo yalikwenda vingine. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005, watoto walifurika na shule nyingi nchini zikafundisha kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Katika miaka hiyo hiyo, Burundi ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki (iliingia mwaka 2007), Kiswahili na Kiingereza viliongezwa katika shule za msingi juu ya Kirundi na Kifaransa. Lugha nne, ubao mmoja, na vitabu vichache vya kugawana.

Kisha kuanzia mwaka 2008 zikarudi familia zilizokimbia mauaji ya mwaka 1972, kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania. Asili ya wengi ilikuwa mwambao huu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Walipofika walikuta Kirundi katika madarasa ya chini na Kifaransa katika yale ya juu, na wapo walioketishwa pamoja na watoto wadogo kwao kwa umri, ingawa Kiswahili walikisoma bila kusitasita.

Hapa ndipo Kufikirika inapopata makali ambayo insha zetu haziyagusi. Tukumbuke kwamba utabiri katika riwaya hiyo unadai kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu. Swali la kitabu, kwa maoni yangu, ni nani aliyepewa mamlaka ya kumpachika mwenzake jina la mjinga, na kwa kipimo gani. Mtoto wa Mishamo aliyefika Rumonge akiwa na miaka 12 alipachikwa jina hilo kwa kipimo cha lugha. Maswali alikuwa nayo, ila yalikuja katika lugha ambayo darasa halikuipa nafasi ya kuuliza.

Naam, na Utubusara mwenyewe? Wanafunzi hung'ang'ania michezo kana kwamba ndiyo hoja yote. Michezo ni dalili tu. Hoja ni kwamba mwalimu huyu aliamini mtoto hujifunza hata wakati ambapo hakuna mtu anayemwamrisha aandike. Lakini riwaya ina upungufu, na tuuseme bila kumvunjia heshima Sheikh Shaaban: mgogoro ni wa wakubwa watupu. Mfalme anadai, mwalimu anajibu, na mtoto ni sababu ya ubishi kuliko kuwa msemaji ndani yake. Udadisi tunaousifu ni wa mwalimu. Wa mtoto hatuusikii sana.

Rumonge unasikika, endapo mwalimu ataruhusu. Tuchukue jambo moja tu. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu wengi hubaki nyumbani. Mtoto wa mvuvi analijua hilo, kwa sababu ndizo siku ambazo baba yupo. Mwalimu asiye na kitabu hata kimoja anaweza kuuliza: kwa nini samaki wasije mwezi ukiwaka? Pengine yeye mwenyewe hana jibu. Basi awatume watoto wakawaulize wazee ufukweni, kesho yake waje na majibu, na majibu yakipingana yaandikwe yote ubaoni. Somo hilo limekwisha kubeba "ukiwaka", "usingewaka" na "hawaji mpaka" ndani ya sentensi ambazo watoto wanazihitaji kweli. Sisi huku tunazifundisha hali hizo kwa majedwali, kisha tunashangaa kwa nini hazitumiki.

Au ziwa lenyewe. Mito mingi inaingia; maji yanatoka wapi? Yanatoka ng'ambo, upande wa Kongo, kwa mto Lukuga, na hatimaye yanafika Bahari ya Atlantiki. Mtoto ambaye nyumba yao iliingiwa na maji ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, hahitaji kuchochewa ili aulize swali hilo.

Najua pingamizi, na si dogo. Mwalimu mwenye watoto 80 kwa zamu hawezi kumsikiliza kila mmoja. Wengine wametoka milimani, Kiswahili chao ni cha chuoni, na ni vigumu mtu kuruhusu maswali katika lugha ambayo wanafunzi wanamshinda. Juu ya hayo kuna mtihani wa taifa, ambao kwa mwalimu wa leo ndio mfalme: haumfukuzi kwa mkono wake, lakini humhesabia kila saa aliyoitumia nje ya muhtasari. Anayemlaumu mwalimu huyo kwa kukaririsha "hujambo, sijambo" mwaka mzima hajasimama mbele ya darasa lake. Hata hivyo kukaririsha salamu kwa watoto wanaonunua na kuuza kwa Kiswahili kila jioni ni kuwaambia kwamba wanachokijua hakihesabiki.

Lawama nyingine ni yetu katika idara. Tunawaandaa walimu kuanza na kitabu, na pasipo kitabu wanasimama. Tunawafundisha pia kuogopa neno lisilo la kamusi. Samaki anayeitwa mukeke Rumonge huitwa mgebuka Kigoma, na ndagala ni dagaa. Katika darasa moja la Rumonge, mtoto aliyekulia hapo na mwenzake aliyetoka Tanzania wataandika majina mawili tofauti chini ya mchoro mmoja, na ninapenda kujua ni wangapi kati ya wahitimu wetu wangeliacha la kwanza bila kulipiga mstari mwekundu, wakawauliza wote wawili wamelisikia wapi.