Mkono Unaomimina Kahawa

Mchana wa tarehe 2 Aprili 1956, televisheni ya CBS ya Marekani ilianza kurusha tamthilia mpya, As the World Turns. Maneno ya kwanza kusikika yalikuwa ya mama mwenye nyumba akimsabahi mumewe: "Habari za asubuhi, mpenzi." Aliyeyatamka ni Helen Wagner, mzaliwa wa Lubbock, Texas. Nafasi ya mama huyo, Nancy Hughes, ilibaki kuwa yake mpaka Wagner alipofariki Mei 2010, akiwa na miaka 91.

Nancy hakuwa mchonganishi wala mvunja ndoa za watu, aina ya wahusika wanaokumbukwa upesi katika tamthilia hizi. Alikuwa mwenye jiko. Watu waliingia kwake, wakaketi, wakatoa ya moyoni, naye akawasikiliza huku akiwamiminia kahawa.

Hapo ndipo ninapouona ufundi. Kumimina kahawa ukiwa na maneno kinywani na kamera usoni ni kazi ngumu. Ukilikazia macho birika, mtazamaji anamwona mwigizaji anayechelea kumwaga. Usipoliangalia kabisa, huaminiki pia, maana mama wa nyumbani hutupia jicho mara moja tu, kwa mazoea. Kikombe kisigonge kisahani juu ya neno zito. Mkono utulie pale mgeni anapokaribia kulia. Inasimuliwa kwamba Irna Phillips, mtunzi wa tamthilia, aliwahi kumwachisha Wagner kazi siku za mwanzo kwa kutopenda anavyomimina kahawa, na baadaye akarudishwa. Wengi huona ni kisa cha kuchekesha. Mimi naona Phillips alijua mzigo wa nyumba ile umeegemea wapi.

Na yote yalikwenda hewani moja kwa moja, nusu saa, siku tano kwa wiki. Hapakuwa na kurudia. Kabla ya hapo tamthilia za mchana za televisheni zilikuwa za robo saa. Dakika zilizoongezeka Phillips hakuzijaza vituko, alizijaza nyuso na ukimya. Ukimya humwumbua mwigizaji asiyejua kusikiliza. Wagner alijua: mwenzake akizungumza, shingo yake ilielekea kwake taratibu, kama mtu anayepima uzito wa jambo kabla ya kulijibu.

Don MacLaughlin, aliyeigiza mume wa Nancy, alifariki 1986. Nancy akawa mjane, baadaye akaolewa tena, akamuuguza mume wa pili aliyepoteza kumbukumbu. Mwigizaji na mhusika walizeeka pamoja mbele ya watazamaji.

Huwa narudia kutazama mkanda wa tarehe 22 Novemba 1963. Picha haina rangi. Nancy anazungumza na babu wa nyumba, aliyeigizwa na Santos Ortega, kuhusu mambo ya familia na Siku ya Shukrani inayokaribia. Hana haraka. Ghafla kinatokea kibao cha habari, na sauti tu ya mtangazaji Walter Cronkite inatangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi huko Dallas. Studio haikuwa imepata habari hiyo. Nyuma ya kibao kile, asikoonekana na mtu, Wagner aliendelea kuzungumza na mzee yule kwa sauti ileile, mpaka mwisho wa onyesho.