Juu ya Kitenzi "Kuhisi" katika Elimu ya Seli

Wako waandishi wa sayansi wasemao kwamba mwilini zimo "protini zinazohisi nguvu". Kauli hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: istilahi zetu za fizikia zimekwisha kutenga kani na nguvu, wala hapana sababu ya kuzichanganya tena.

Ya pili ni kubwa. Ahisiye ana nafsi, protini haina. Tazama Piezo1, iliyotangazwa mwaka 2010 na Ardem Patapoutian na wenzake, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Mikono yake mitatu imepinda katika utando wa seli mfano wa bakuli. Utando ukivutwa, mikono hunyooka, tundu la katikati hufunguka, na ayoni za kalsiamu huingia. Talini nayo ikivutwa hukunjuka, ikafichua mahali pa kushikwa na protini nyingine. Kuvutika, kufunguka, kukunjuka: viambishi vya vitenzi vyetu vyatosha kabisa kwa kazi hii.

Huenda mtu akajibu kwamba Kiingereza nacho husema habari za hisia. Ni kweli, lakini hatulazimiki kurithi sitiari ya wengine. Tunazo zetu. Mkoani Tanga, tangu Segera hata pwani, watu huuita kifauwongo mmea ambao ukiguswa hukunja majani. Jina ni tamu, ila huusingizia mmea hila. Kumbe ni maji tu yaliyotoka katika seli za vikonyo, zikalegea.

Jina hilo halimdhuru mtu. Katika habari za malaria ni vingine. Mwaka 2018 watafiti walieleza aina ya Piezo1 waliyoikuta kwa karibu theluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika. Mlango wake huchelewa kufungika, seli nyekundu hupungukiwa maji, na vimelea vya malaria havikustawi vema ndani yake maabarani. Uchunguzi wa baadaye kwa wagonjwa haukuafikiana. Mzazi wa Segera akiambiwa kwamba damu ya mwanawe "inahisi" zaidi, atadhani yautambua ugonjwa na kuufukuza, na pengine atalegeza mkono juu ya chandarua. Akiambiwa kwamba mlango huchelewa kufungika, atajua kilichopo, wala hataahidiwa kisichokuwapo.

Basi yafaa tuseme "protini zigeukazo kwa kani", na Piezo iwe miongoni mwa zile "zifungukazo". Istilahi njema haimpi mtenda kazi nafsi asiyokuwa nayo.