Mwashi Aliyeibomoa Nyumba Yake

Anayetaka kuisifu Nagona ya Euphrase Kezilahabi aanzie mbali, kwenye vitabu vilivyoitangulia. Kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), mwandishi huyu wa Ukerewe alitunga riwaya nne zenye wazazi, wanafunzi, walevi na wakulima tunaowafahamu, na kila tukio lina chanzo chake. Kisha zikaja Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vijitabu visivyofika kurasa 100. Humo msimulizi hana jina, ndoto haina mpaka na mchana, wakati unajirudia. Wahakiki wakaziita riwaya za usasaleo. Mimi naziita kazi ya mwashi anayejua ukuta upi umebeba paa. Asiyewahi kujenga angebomoa tu. Tena tazama alichokibakiza. Maneno ni ya kawaida, sentensi fupi, na chini yake kuna safari ya ngano: mtafutaji, mzee, fumbo, mnyama asiyeshikika. Hata jina Mzingile linatokana na mzingile mwambiji, zile njia za kupoteana ambazo Waswahili walikuwa nazo kabla ya nadharia yoyote.

Wapo wanaosema mtindo huu umeagizwa kutoka Ulaya. Ni kweli Kezilahabi aliwasoma wanafalsafa wa huko, lakini tasnifu yake ya mwaka 1985, aliyoiandika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ilihoji misingi ileile ambayo Wamagharibi waliitumia kuisoma fasihi ya Afrika. Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba amewatupa wasomaji. Katika Kichomi (1974) alitetea ushairi usiofungwa na vina na mizani ili uisogelee lugha ya watu. Inakuwaje basi mtu yuleyule aje kutupa fumbo? Nadhani jibu limo katika historia. Azimio la Arusha la 1967 liliionyesha nchi njia moja na mwisho wake, na riwaya iliyonyooka ilifaa kuisimulia au kuipinga. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ilikwisha kuonyesha nyufa. Kufikia 1990 Nyerere alikuwa ameondoka Ikulu, masharti ya wakopeshaji yameingia, na ile njia haionekani tena. Kuisimulia hali hiyo kwa hadithi iliyonyooka kungekuwa kumdanganya msomaji, na Kezilahabi alimheshimu mno hata asiweze kufanya hivyo. Sikatai kwamba kurasa kadhaa za Mzingile ni nzito kupita kiasi; hapo falsafa inaielemea hadithi.

Lakini mlango aliouacha wazi umepitiwa na wengine. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamfufua babu aje amtembeze mjukuu wake, ambaye ni mkubwa wa serikali, amwonyeshe nchi aliyoshiriki kuiharibu. Mzimu unaomwajibisha aliye hai si mgeni kwa msomaji wa Unguja wala wa Ukerewe; amemjua tangu utotoni, ila hakuwahi kumwona akiingia ofisini.