Picha za Melbourne, Kifua cha Kisawasawa

Kisawasawa iko bonde la Kilombero, Tanzania, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, milima ya Udzungwa upande mmoja, mpunga upande mwingine. Mkazi wake aliyekohoa mwezi mzima huweza kuishia Ifakara kupigwa eksirei ya kifua, na wa kwanza kuisoma huenda akawa tabibu au daktari ambaye hakusomea mionzi. Mtu huyo hahitaji nadharia zaidi. Anahitaji kuwa ameona. Kivuli kwenye ncha ya pafu hakielezeki kwa maneno hata ukijaza ukurasa. Jicho hukizoea likishaviona vingi, vikiwemo vile vinavyofanana na kifua kikuu na kumbe sicho.

Zamani maktaba ya picha kama hizo ilikuwa kabati la filamu katika hospitali kubwa ya kufundishia, na ufunguo alikuwa nao profesa. Desemba 2005 Frank Gaillard, aliyekuwa bado akijifunza udaktari wa mionzi mjini Melbourne, Australia, alianzisha Radiopaedia. Kwa nje ni kamusi elezo ya radiolojia, yenye makala zaidi ya 10,000 na visa makumi ya maelfu, vyote vya kusomwa bure. Wengi huisifia huo ubure. Mimi naona ufundi wake uko kwingine: makala na visa haviendeshwi kwa sheria moja.

Makala ni ya wote. Aliyejisajili anaweza kurekebisha maelezo ya ugonjwa, badiliko likahifadhiwa kwenye historia ya ukurasa, na wahariri wakalipitia. Kisa ni cha aliyekiweka: picha za mgonjwa mmoja asiyetajwa, umri wake, jinsia, dalili alizokuja nazo na kile kinachoonekana. Jina la mchangiaji hubaki pale, na si kila apitaye anaruhusiwa kukigusa. Tofauti hiyo imebeba mradi mzima. Maelezo ya ugonjwa hunufaika na mikono mingi, ushahidi haunufaiki. Ukimruhusu kila mtu abadili umri wa mgonjwa au matokeo ya vipimo, unabaki na picha isiyo na shahidi. Kisha makala moja huunganishwa na visa vingi, msomaji akauona ugonjwa uleule kwa mtoto, kwa mzee, kwa aliyechelewa kuja hospitali.

Linganisha na Radiology Assistant, iliyojengwa na Robin Smithuis wa Uholanzi. Hiyo nayo ni bure, na anayeanza ningemwelekeza huko kwanza, maana masomo yake yamepangwa na mwalimu anayejua anakoelekea. Lakini hakuna mlango wa wewe kuingiza kisa chako leo jioni. Radiopaedia imejengwa juu ya mlango huo, pamoja na leseni iliyotokana na zile za Creative Commons: nakili, badili, fundishia, mradi utaje chanzo, usifanye biashara, na kazi yako uiachie kwa masharti yaleyale. Mkufunzi wa Ifakara anaweza kuchukua picha za humo akaziweka kwenye somo lake bila kuomba kibali cha mtu.

Kisa kizuri cha CT-skani hakikupi picha moja yenye mshale. Hukupa vipande vyote mfululizo, uvipitie juu hadi chini na kutafuta mwenyewe, kama kazini. Jina la ugonjwa unaweza kulificha ukajipima. Huo ni ualimu wa hali ya juu, ila unakula bando. Eksirei ya kifua ni picha moja au mbili. Skani moja ina vipande hata mamia. Anayesoma kwa simu bonde la Kilombero afanye hesabu hiyo kabla ya kuchagua, na bahati nzuri eksirei ndiyo atakayokutana nayo zaidi.

Penye mashine nyingi ndipo penye wachangiaji wengi, na hapo mizani inainama. Uvimbe adimu wa ubongo, ambao daktari wa wilayani anaweza kustaafu bila kuukuta, ni rahisi kuupata ukiwa na MRI na majibu ya maabara. Kisa hupimwa pia kwa uhakika wa utambuzi wake, na uhakika huja kirahisi pale ambapo nyama iliyokatwa kwenye uvimbe husomwa jengo la pili na mgonjwa hurudi kwa skani ya marudio. Anayerudi shambani akiwa na dawa za kifua kikuu za miezi sita haachi nyuma ushahidi wa namna hiyo.

Ipo njia nyingine ambayo elimu ya picha imepita, na hii inaihusu Ifakara moja kwa moja. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Tom Heller na wenzake walibuni utaratibu mfupi wa ultrasaundi uitwao FASH, kwa wagonjwa wa VVU wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu nje ya mapafu. Unatafuta mambo machache tu: maji kuuzunguka moyo, maji kuyazunguka mapafu, maji tumboni, tezi za tumbo zilizovimba, na madoa kwenye ini na wengu. Mwaka 2012 waliuchapisha pamoja na picha zake katika jarida lisilomtoza msomaji. Utaratibu uliopanuliwa kutokana na huo ulikuja kufanyiwa utafiti katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kwa ushirikiano na Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi.

FASH haikumpa daktari picha elfu. Ilimpunguzia maswali. Kwa chumba chenye mashine moja ndogo na foleni ndefu, naona hilo lina faida ya haraka kuliko maktaba. Lakini swali fupi bado linataka jicho lililozoea: mafuta yanayozunguka moyo huweza kudhaniwa maji, na utumbo ukadhaniwa tezi. Hapo maktaba inahitajika tena, safari hii ikiwa na picha za mashine ndogo na za wagonjwa wa hapa.

Ifakara haina uhaba wa watu wa kuzitoa. Mtafiti Rudolf Geigy wa Basel alifika hapo 1949, mafunzo ya watumishi wa afya wa vijijini yakaanza 1961, na leo mji una chuo kinachofundisha madaktari. Kazi ngumu iko kwenye vitu vidogo. Filamu iliyopigwa picha kwa simu mbele ya dirisha huwa na jina la mgonjwa pembeni. Faili la dijitali hubeba jina hilo ndani yake hata lisipoonekana kwenye kioo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo kibali kitangulie, jina lifutwe kote kuwili, ndipo picha ipande.

Na kisa kisicho na majibu ya maabara? Radiopaedia haikifungii nje. Mchangiaji huchagua mwenyewe daraja la uhakika, kuanzia utambuzi usio na shaka hadi ule unaowezekana tu. Tabibu aliyeona maji kuuzunguka moyo, akaanzisha dawa, na baada ya wiki kadhaa akayakuta yamepungua, ana picha mbili na tarehe mbili. Aandike kwamba kifua kikuu kinawezekana, aeleze kwamba maji hayakupimwa, na aziweke zote mbili.